Kuwatibu wanaanga wa plastiki: shajara ya mradi

6 Februari: boksi limefunguliwa

Mzigo umefika. Ni boksi moja la wanasesere wa anga za juu walionunuliwa kwa mkupuo: hawana makasha yao, wengi hawana silaha, na baadhi hawawezi hata kusimama. Ndivyo nilivyotaka. Wale ambao hawajawahi kutolewa kwenye kadi za kiwandani wana wakusanyaji wao na sina ugomvi nao, ila mwanasesere asiyewahi kushikwa na mtoto haniambii kitu. Namtaka aliyerushwa kutoka juu ya kabati, akafukiwa mchangani, akaogeshwa pamoja na mwenyewe kwenye beseni moja.

Nimewapanga mafungu matatu. La kwanza ni Major Matt Mason na wenzake, waliotolewa na kampuni ya Mattel kuanzia 1966: kimo cha sentimita 15 hivi, mwili wa plastiki laini uliomiminwa juu ya mifupa ya waya, na viungo vyenye mikunjo kama ya kodiani, iliyopakwa rangi nyeusi. Ninao Matt mwenyewe wa suti nyeupe, Sgt. Storm wa suti nyekundu na Jeff Long wa suti ya bluu. Huyu Jeff ana habari yake. Ni mwanaanga Mweusi aliyekuwa mikononi mwa watoto tangu miaka ya 1960, ilhali Mmarekani Mweusi wa kwanza kufika angani, Guion Bluford, aliruka 1983.

Fungu la pili ni Micronauts, ambao kampuni ya Mego iliwauza Marekani kuanzia 1976 baada ya kampuni ya Takara kuwatoa Japani kwa jina la Microman mwaka 1974. La tatu ndilo kubwa: wanasesere wa filamu za Star Wars waliotengenezwa na kampuni ya Kenner, wa 1978 na kuendelea, ambao wengi wao hawazidi sentimita 9.5.

Ufupi huo ulibadilisha mchezo wenyewe. G.I. Joe, mwanasesere askari wa 1964, alikuwa na sentimita 30. Mjengee chombo cha anga kinachomtosha uone kama kitapita mlangoni. Mafuta yalipopanda bei 1973, plastiki nayo ikapanda, na wanasesere wakazidi kupungua kimo. Hapo mdogo akaweza jambo ambalo mkubwa hakuliweza: rubani, abiria na chombo chao vikaenea kwenye mapaja ya mtoto mmoja. Hata leo mpe mtu mzima mmoja wa hawa wadogo. Atamshika kiunoni kwa vidole viwili na kuanza kumrusha hewani kabla hajasema neno.

Kanuni ya kazi ni hii: makovu ya mchezo yanabaki, maradhi ya plastiki yanatibiwa. Alama za meno kwenye miguu, rangi iliyolika puani, mikwaruzo ya sakafu, hayo ni ya mtoto na siyagusi. Kutu, kunata, umanjano na waya uliokatika ni uzee na kemia, navyo vinaingia karakana. Naiandika mapema ili nishikwe nayo.

8 Februari: kuosha

Maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini. Hakuna la kusimulia ila tahadhari. C-3PO, roboti wa dhahabu wa Star Wars, asilowekwe: dhahabu yake ni tabaka jembamba mno la chuma lililofukizwa juu ya plastiki, na likishabanduka halirudi. Roboti mwenzake R2-D2 amezungushiwa stika ya karatasi kiwiliwilini, kwa hiyo amefutwa kwa pamba yenye unyevu tu. Spiriti ikae mbali na chochote chenye rangi ya kupakwa. Asetoni isiingie chumbani kabisa.

19 Februari: goti la Matt Mason

Ukimtazama kwa nyuma unaona tatizo bila miwani. Ncha ya waya imetoboa plastiki chini kidogo ya goti la kushoto, nyeusi kwa kutu, na ukikunja mguu inatokeza kama milimita mbili kisha inarudi ndani. Huu ndio ugonjwa wa wanaanga wote wa kundi hili. Waya ulikunjwa mahali pamoja mara elfu na mtoto aliyetaka mwanaanga wake apige goti mwezini, na chuma huchoka.

Utaratibu: mguu umelowekwa kwenye maji ya moto yasiyochemka hadi ukalegea. Kwa wembe mpya nimepasua sentimita moja nyuma ya goti, ndani ya mkunjo ambako mshono hautaonekana. Vipande vya waya wa zamani vimetolewa kwa koleo la mdomo mwembamba. Cha pajani kilitoka kwa hiari yake. Cha kwenye ugoko kiligoma na kuchana plastiki kwa ndani. Nimeingiza waya mpya juu na chini ya goti, kisha nikaziba mpasuo.

Gundi ndiyo iliyonisumbua. Supaglu inashika plastiki hii vizuri sana, na hapo ndipo inapoharibu: ikikauka inakuwa kioo, ukikunja goti mara ya kwanza inapasuka na kuondoka na ngozi. Nimeikwangua na kutumia gundi ya kuzibia maboya ya kuogelea, ile inayouzwa pamoja na viraka vya vinaili. Nayo inabaki laini ikikauka. Usiku mzima chini ya kibanio cha nguo, na goti linakunjika bila kufunguka.

Waya nimetumia wa shaba, kwa sababu haushiki kutu na hukunjika kirahisi. Matt anasimama.

Gharama: kipande cha waya, wembe, nusu ya bomba dogo la gundi, na kovu moja jipya ambalo si la mtoto.

3 Aprili: rangi isiyokauka

Rangi nyeusi ya mikunjo imebanduka karibu yote kwa Matt na Storm. Kwa kanuni yangu hilo ni kovu la mchezo, maana rangi ilitoka kwa kukunjwa. Nimeamua kupaka palipokarabatiwa tu, basi. Storm abaki na magoti yake mekundu yaliyo wazi.

Jaribio la kwanza lilikuwa enameli nyeusi ya kupakia ndege za modeli. Baada ya juma zima bado ilikuwa inanata na kuchukua alama za vidole. Sababu iko ndani ya plastiki yenyewe: PVC hufanywa laini kwa kuchanganywa na vilainishi vya mafuta, na vilainishi hivyo havitulii. Hupanda juu polepole, vikaingia kwenye rangi na kuifanya uji usioganda. Ungeweza kungoja mwaka.

Imefutwa yote. Badala yake nimepaka rangi ya ngozi ya akriliki, ile ya watu wanaochora raba zao. Inachanganywa na maji na ikikauka inanyumbulika. Siri ni tabaka jembamba, kukausha, kukunja goti mara chache, kisha tabaka jingine. Ukipaka nene mara moja itachanika kwenye mkunjo siku ya kwanza.

11 Mei: Stormtrooper wa manjano

Kiwiliwili cha askari huyu wa Star Wars kimekuwa rangi ya siagi, miguu bado ni myeupe. Kemikali ya manjano huzaliwa pale mwanga na hewa vinapoishambulia plastiki kwa miaka mingi, hasa ile sehemu ya mpira iliyo ndani ya ABS, aina ya plastiki ngumu, na kila kiungo huzeeka kwa mwendo wake.

Dawa inayojulikana ni peroksidi ya hidrojeni pamoja na miale ya urujuanimno. Waliofufua kompyuta za zamani ndio walioieneza kuanzia 2008, na wakusanyaji wa wanasesere wakaidaka. Nilianza na krimu ya asilimia 12, ile ya saluni ya kufifishia rangi ya nywele, nikampaka, nikamfunga kwa nailoni ya chakula na kumweka chini ya taa. Matokeo ni mabaka. Palipokuwa na krimu nene paling'aa, iliposhuka na kukauka pakabaki manjano, na kwenye kifua mstari kati ya hizo mbili unaonekana wazi hata kwa asiyejua kitu.

Kilichofaulu ni peroksidi ya maji. Mwanasesere mzima ndani ya chupa ya kioo, taa kwa nje, na kumgeuza mara kwa mara ili kila upande upate mwanga. Mabaka yalijisawazisha. Kifuniko kiachwe wazi kidogo, kwa sababu peroksidi hutoa oksijeni na chupa iliyokazwa inaweza kupasuka. Vaa glavu na miwani. Tone moja kwenye kidole linaacha ngozi nyeupe na mwasho wa kutosha kukukumbusha.

Nimemtoa kabla hajafika weupe wa kiwandani. Ukimzidishia, plastiki huchujuka na kuwa na vumbi la chaki, na hapo umemuumiza zaidi ya jua lilivyomuumiza. Tena umanjano unaweza kurudi. Dawa hii haimponyi, inampa muda.

Jambo moja zaidi. Kwenye unyayo wa kulia kuna herufi mbili kwa kalamu ya bluu, zimeandikwa kwa mkono wa mtoto, ya pili imegeuzwa nyuma mbele. Bila shaka ni jina, ili asichanganywe na wa jirani, maana jeshi la Stormtrooper wote ni sura moja. Peroksidi ingezifuta. Nimezifunika kwa mafuta mazito ya mgando kabla ya kumzamisha na zimebaki. Kuna wanaomwita mwanasesere wa namna hii “ameharibika”, na bei yake hushushwa kwa hilo. Kwangu ndiye wa kwanza kuingia kabatini.

22 Juni: Micronauts

Hawa wana nafuu kwa kuwa plastiki yao ni ngumu na hainati. Tatizo ni viungo vilivyolegea na nyufa. Kwa kulegea: tone la vanishi angavu ya akriliki ndani ya kiungo, kichezeshwe hadi likauke, kiungo kinakaza. Rudia ikibidi.

Ufa ulikuwa begani kwa Time Traveler wa rangi ya chungwa, yule unayemwona hadi ndani. Nilijaribu supaglu kwanza kwenye kipande cha mguu uliovunjika, usio na mwenyewe. Ilishika, lakini mvuke wake ukatua pembeni na kuacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu, upana wa kucha. Haufutiki kwa maji. Kwenye kitu kisichopitisha mwanga usingejali. Hapa ungeharibu uzuri wake wote. Bega limeungwa kwa epoksi angavu, iliyopakwa kwa ncha ya sindano na kushikiliwa kwa mpira wa noti. Ufa unaonekana ukimwelekeza dirishani. Aonekane tu.

Waliobuni hawa walifanya jambo la akili: matundu na vijiti vya milimita 5, vilevile kuanzia mgongoni kwa mwanasesere hadi kwenye vyombo vyake. Kwa hiyo vipande visivyo na kwao humo boksini vimepata pa kuchomekwa, na sijui kama vinahusiana. Ndivyo watoto walivyokuwa wakifanya pia.

17 Julai: rafu iliyoyeyuka

Nilikuwa nimewasimamisha watu wa Matt Mason kwenye vibao vya plastiki angavu ili wasianguke. Leo nimemwinua Storm, na kibao kikaja naye. Nyayo zimegandamana, na chini yake plastiki ya kibao imekuwa laini, yenye umbo kamili la soli ya buti.

Ni vilainishi vilevile vya mwezi wa nne. Vikitoka kwenye PVC laini na kukutana na polistairini, plastiki ya vibao hivi, vinaiyeyusha. Ndiyo maana katika maboksi ya zamani utakuta mwanasesere laini amejichora kwenye ubavu wa chombo kigumu aliyelala nacho miaka thelathini. Storm ameokoka, kibao hakikuokoka.

Wamehamia juu ya kioo. Kwa waliohifadhiwa ndani, mifuko ni ya polithini au polipropilini, haikazwi mdomo, na kila mmoja ana wake. Mifuko ya vinaili, ile yenye harufu tamu, imetoka nyumbani. Wa Kenner wana matundu kwenye nyayo, kwa hiyo vijiti vya polipropilini vinawatosha.

Gharama: vibao vyote, na kupanga upya kabati zima.

9 Agosti: silaha

Hapa ndipo mkoba huumia. Bunduki ndogo kuliko kucha mara nyingi huuzwa ghali kuliko askari wake, kwa sababu ndizo zilizomezwa na mazulia, mifereji na mbwa. Luke, shujaa wa Star Wars, wa mwanzo kabisa wa Kenner alikuwa na upanga wa mwanga unaovutwa mara mbili, na muda mfupi baadaye ukarahisishwa; upanga ule leo unatafutwa kuliko Luke mwenyewe. Vivyo hivyo joho la vinaili la Jawa, kiumbe mdogo wa Star Wars, lililobadilishwa kuwa la kitambaa mapema 1978. Penye tamaa ya namna hiyo, nakala zitajaa.

Mtihani unaosimuliwa sana ni wa maji: halisi huelea, ya bandia huzama. Usiufanye hakimu. Kuelea kunakuambia aina ya plastiki tu. Polithini na polipropilini huelea, resini huzama, na mtengeneza nakala anaweza kutumia polithini kama mwingine yeyote. Nimetazama kingo chini ya kioo cha kukuzia, nikalinganisha na iliyonunuliwa pamoja na mwanasesere wake. Ya bandia huwa na kingo zilizolainika, kwa kuwa ni kalibu iliyotokana na kitu kilichokwisha chakaa. Hata hivyo kuna mbili sizitolei hukumu, na zimewekwa kando.

Uamuzi: wasio na silaha wanasimama mikono mitupu. Isipokuwa Stormtrooper, yeye nimempa nakala, na chini ya mpini nimeweka nukta ya rangi nyekundu isiyofutika. Siku akienda kwa mtu mwingine, huyo mtu asije akalipa bei ya halisi.

12 Oktoba: ukijani gotini

Goti la Matt limeota kijani. Duara dogo nyuma ya mkunjo, mahali pa waya mpya, rangi ya shaba iliyonyeshewa. Linaonekana zaidi kwenye plastiki nyeupe chini ya rangi kuliko kwenye rangi yenyewe.

Wakusanyaji wa Barbie wanaujua ugonjwa huu kitambo. Wale wa miaka ya mwanzo, baada ya 1959, walitobolewa masikio na kuvishwa hereni zenye shaba, na masikio yao yakageuka kijani. PVC inayozeeka hutoa asidi kidogo kidogo, shaba huitikia, na chumvi ya kijani hupenya ndani ya plastiki. Kiwanda ni kilekile cha Mattel na plastiki ni ya ukoo uleule. Shaba haishiki kutu, ni kweli, lakini inashika hili.

Nimepasua upya pale pale, nikatoa shaba yote. Waya wa sasa ni wa alumini laini, ule wanaotumia watengeneza katuni za vibonzo vya udongo: nyuzi mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Uzi mmoja mnene hukunjika mahali pamoja na kukatika hapo. Mbili zilizosokotwa hugawana mkunjo. Nimezivika mrija mwembamba wa tefloni, ule wa kufunikia nyaya za umeme, ili chuma na plastiki visigusane kabisa. Ncha zimeviringishwa kuwa vitanzi vidogo zisitoboe.

Doa limepakwa krimu ya chunusi yenye benzoili peroksidi ya asilimia 10, likafunikwa kwa nailoni na kuwekwa dirishani. Kazi ya majuma. Kila baada ya siku chache krimu hubadilishwa.

30 Novemba: hali ya doa

Limepauka hadi kivuli cha kijivu chenye ukijani. Nimeacha hapo, kwa sababu plastiki inayolizunguka nayo imeanza kuwa nyeupe kupita mguu wenyewe. Anayefuata kazi hii atambue kwamba krimu hii haichagui: inafuta doa na rangi ya plastiki kwa pamoja. Kwa Matt mweupe imevumilika. Kwa suti ya bluu ya Jeff Long isiguse kabisa, ingeacha kiraka cheupe cha kudumu.

Jeff waya wake wa kiwiko cha kulia umekatika pia, ila haujatoboa. Nimemshonea moja kwa moja alumini ndani ya tefloni, na gundi ya maboya. Kazi iliyonichosha kwa Matt, kwake imeisha jioni moja.

14 Desemba: yaliyobaki

Kabati lina taa za LED zisizotoa urujuanimno wa kutaja, mlango wa kioo usiokazwa ili hewa ipite, na halipigwi na jua. C-3PO yuko rafu ya juu kabisa, mbali na vidole vyangu.

Kofia ya Matt bado. Kioo chake cha usoni kimepasuka katikati, na kukitengeneza kunahitaji kupasha moto karatasi angavu ya plastiki na kuifyonza juu ya kalibu. Kalibu nimeshaichonga kwa mbao. Ni kubwa kidogo, kwa hiyo msasa unaendelea. Karatasi itakuwa ya PETG, maana haina vilainishi vya kutoroka.

Storm anangoja waya wa bega la kushoto. Kwake nitapasua kwapani badala ya mgongoni: plastiki nyekundu inaonyesha mshono kuliko nyeupe.